Jirani mwenye kelele ghorofani: hatua kwa hatua, kuanzia kutafuta chanzo hadi barua kwa mwenye nyumba

Maswali ni yaleyale kila siku. "Jirani wa juu anatembea kama anatwanga, nifanye nini?" "Muziki wa upande wa pili wa ukuta haunipi usingizi, niite polisi?" "Nimemwambia mara tatu, hasikii." Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe: ujue sauti inatoka wapi na inapita wapi, umwombe jirani jambo moja analoweza kulifanya, na akikataa upeleke suala ngazi za juu ukiwa na maandishi mkononi.

Hilo la jambo moja ndilo wengi wanalikosea. Mtu ukimwambia "punguza kelele" humwambii kitu, kwa sababu kelele unayoisikia wewe yeye haisikii. Kwake muziki ni wa kawaida. Kwako ni mdundo wa besi unaotikisa kitanda. Ukimwambia "naomba spika itoke sakafuni iwekwe juu ya meza", hapo ana kazi ya kufanya, na kesho yake nyote wawili mtajua kama imesaidia.

Kabla ya yote: ukisikia mtu anapigwa, anaomba msaada, au vitu vinavunjwa huku kuna vilio, hilo si suala la kelele. Piga namba ya dharura papo hapo. Usiende kugonga mlango peke yako, na usipoteze muda kuandika kwenye daftari.

Andaa hivi

- Daftari dogo na kalamu, vikae kando ya kitanda.
- Nakala ya mkataba wako wa upangaji, pamoja na kanuni za jengo kama zipo kwa maandishi. Tafuta vifungu vinavyotaja utulivu, saa za kupumzika, wanyama, ukarabati na mashine za kufulia.
- Programu ya kupima sauti kwenye simu. Za bure zinatosha.
- Vizibo vya masikio vya sponji, jozi kadhaa.
- Mawasiliano ya msimamizi wa jengo na ya mwenye nyumba.
- Wiki mbili. Bila hizo utaenda kulalamika ukiwa na hasira tu, na hasira si ushahidi.

Kelele ziko namna mbili

Ya kwanza husafiri hewani: maongezi, televisheni, mbwa anayebweka. Hii hupenya kwenye nyufa, chini ya milango, madirishani na kwenye matundu ya soketi. Ya pili ni kishindo: kisigino kinachogonga sakafu, kiti kinachoburutwa, mashine ya kufulia inayotetemeka. Kishindo huingia kwenye zege lenyewe na kutembea nalo, ndiyo maana kinaweza kutokea vyumba viwili mbali na kilipoanzia. Besi ya muziki iko katikati ya hizo mbili. Wimbi la sauti ya hezi 50, yaani mitikisiko 50 kila sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, na ukuta wa kawaida wa nyumba hauna uzito wa kulizuia sawasawa.

Dawa ya moja haitibu nyingine. Anayeziba mlango kuzuia vishindo vya juu anapoteza muda na fedha.

Hatua ya 1: Hakikisha ni nani

Fanya hivi kabla hujamshuku mtu. Kelele inapoanza, zima feni, friji na televisheni yako kwa dakika tano. Weka sikio ukutani, kisha kwenye ukuta wa pili, kisha kwenye nguzo au bomba linalopanda. Toka kwenye korido, usikilize karibu na milango bila kusimama mlangoni kwa mtu. Panda ghorofa moja, shuka moja.

Vishindo "vya juu" mara nyingi si vya fleti iliyo juu yako moja kwa moja. Vinaweza kutoka kwa jirani wa mshazari, au hata wa chini. Mlio wa "tak" moja zito kila bomba linapofungwa ni maji yanayogonga ndani ya bomba baada ya kusimamishwa ghafla, au bomba lililolegea kwenye vishikizo vyake. Hiyo ni kazi ya fundi bomba, jirani hahusiki. Mvumo usiobadilika usiku kucha, ule unaousikia zaidi ukilaza kichwa kwenye mto, kwa kawaida ni pampu ya maji, kiyoyozi au mota ya lifti. Mpelekee msimamizi.

Kosa la kawaida: kumfuata jirani asiyehusika. Hutaaminiwa tena, hata siku utakapokuwa sahihi.

Hatua ya 2: Andika kwa siku 14

Kila tukio mstari mmoja: tarehe, saa ilipoanza, saa ilipoisha, aina ya sauti, chumba ulichokuwamo, madirisha yalikuwa wazi au yamefungwa, na iliathiri nini. Mfano:

"Jumanne tarehe 4, saa 5:10 usiku hadi saa 6:45 usiku. Besi ya muziki. Chumbani, dirisha limefungwa. Maneno hayasikiki, mdundo tu. Mtoto aliamka mara mbili."

Angalia saa. Simu inakuonyesha 23:10, wewe mdomoni unasema saa tano na dakika kumi. Chagua mfumo mmoja na uushike daftari zima, na ukitumia saa za Kiswahili usisahau neno "usiku" au "alfajiri". Daftari lenye "5:10" tupu halimwambii msimamizi kama ni jioni, usiku au kabla ya jua kuchomoza, na mpangaji mwenzako atalipangua kwa swali moja tu.

Andika pia siku za utulivu. Siku nne za kimya kila Jumatatu hadi Alhamisi zinakuonyesha kwamba tatizo ni wikendi, kwa hiyo ombi lako litakuwa dogo na rahisi kukubaliwa. Usiandike matusi wala dhana ("anafanya makusudi"). Andika ulichosikia.

Programu ya simu itumie kulinganisha: simu mahali palepale, dakika moja, mara moja kukiwa kimya na mara moja kelele ikiwapo. Tofauti ya desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) sikio huihisi kama sauti imekuwa kubwa maradufu hivi. Kwa kumbukumbu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza sauti ya mfululizo chumbani usiku isizidi desibeli 30, na kelele za ghafla zisizidi 45. Ila usimtolee jirani namba hizo mlangoni. Maikrofoni ya simu haijasawazishwa kama kifaa cha kitaalamu, na besi huisoma vibaya.

Hatua ya 3: Punguza upande wako huku unasubiri

Haki ni yako, sawa, lakini leo usiku unahitaji kulala.

1. Hamisha kitanda kutoka ukuta mnaoshiriki. Hata sentimita 20 husaidia, kwa sababu ubao wa kichwani ukigusa ukuta unapokea mtetemo moja kwa moja.
2. Ziba chini ya mlango kwa mpira wa mlango, na nyufa za dirisha kwa utepe wa sponji. Ukuta wa matofali uliopigwa lipu huzuia zaidi ya desibeli 40, lakini tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya eneo lake huushusha hadi kuzuia kama 20. Angalizo: usizibe tundu la hewa la chumba chenye jiko au hita ya gesi.
3. Vizibo vya sponji: visokote viwe vyembamba kama kijiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia kwa kidole sekunde 20 hadi 30 mpaka kitanuke. Wanaosema "havifanyi kazi" wengi wao wamevibandika mdomoni mwa sikio tu. Usivitumie kama sikio linauma au linatoa uchafu, wala kama ni wewe pekee wa kumsikia mtoto au kengele ya moto.
4. Feni inayovuma taratibu hufunika maongezi na televisheni. Besi haifunikwi.

Usinunue trei za mayai wala sponji nyembamba za kubandika ukutani. Hizo hupunguza mwangwi ndani ya chumba chako. Sauti ya jirani inapita hapo kama kawaida, maana kinachozuia sauti ni uzito na kutokuwa na tundu, na trei ya mayai haina uzito huo.

Hatua ya 4: Zungumza naye ana kwa ana

Nenda mchana au jioni mapema, siku ambayo hakuna kelele. Usiende saa 7 usiku muziki ukiwa unapiga: wewe una hasira, yeye ana wageni, hakuna atakayemsikiliza mwenziwe. Nenda peke yako, au na mtu mmoja mpole. Ukienda watatu, ni kundi.

Anza kwa salamu kamili na ujitambulishe. Kisha taja sauti moja, muda wake, na ombi moja:

"Habari za jioni, jirani. Mimi ni wa namba 12, hapo chini yako. Naomba dakika mbili kama una nafasi. Huenda hujui, maana hata mimi nisingejua: viti vya mezani vikivutwa, kule chini inasikika kama mtu anaburuta kabati. Zaidi ni baada ya saa 4 usiku. Nimekuja na hivi vitambaa vya kubandika chini ya miguu ya viti, vinatosha viti sita."

Hapo umefanya mambo matatu: umempa heshima ya kutokujua, umetaja muda, na umeleta dawa mkononi. Viti sita ni vipande 24. Nenda na 30, vingine hubanduka.

Muulize pia: "Na kwangu je, kuna sauti inayokusumbua?" Uliza kwa dhati, na ukiambiwa jambo, lirekebishe wiki hiyohiyo.

Akiwaka, usimwage mafuta kwenye moto. "Sawa jirani, nimekuelewa. Sikuja kugombana. Tuzungumze siku nyingine." Ondoka, andika tarehe na alichosema.

Mwenye mtoto mchanga, mgonjwa au mtu mwenye ulemavu ndani hawezi kuzima kelele kwa kuombwa. Kwa huyo omba kinachowezekana: zulia kwenye njia anayopita mtoto, au kitanda cha mtoto kihamie ukuta mwingine.

Hatua ya 5: Jua dawa ya kila chanzo

Hapa ndipo kelele nyingi huisha, kwa hiyo soma taratibu.

*Mashine ya kufulia.* Ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, hiyo ni mitikisiko 20 kila sekunde. Unaihisi kifuani kabla ya kuisikia. Kwanza angalia nyuma yake kama boliti za usafirishaji zilitolewa. Ni boliti ndefu, kwa kawaida 3 au 4, zinazoshikilia pipa la ndani wakati wa kusafirishwa. Zikisahaulika, mashine huruka na kutembea sakafuni, na hatimaye huharibika. Kisha weka pima maji juu yake, rekebisha miguu kwa spana mpaka isawazike, na kaza nati ya juu ya kila mguu isije ikalegea. Jaribu kwa kusukuma kona mbili za mshazari: ikiyumba, bado. Mwisho weka vipande vya mpira mzito chini ya miguu. Kumlundikia mpira mtu ambaye mashine yake haijasawazishwa huzidisha kuyumba.

*Spika.* Itoke sakafuni na itoke kwenye kona, kwani kona huongeza besi. Ikae juu ya meza au stendi yenye sponji nzito chini, mbali na ukuta mnaoshiriki. Kisha apunguze besi kwenye mipangilio, sauti nyingine aiache. Fanyeni jaribio pamoja: yeye anapiga wimbo wake, wewe uko kwako na simu sikioni, anapunguza kidogokidogo mpaka useme "hapo". Aweke alama kwenye kitufe. Dakika kumi za jaribio hili zinaokoa miezi ya ugomvi.

*Hatua za miguu.* Zulia nene lenye mpira chini yake, kwenye njia ya kupita na mbele ya kitanda, sio lazima nyumba nzima. Ndala laini badala ya viatu vya kisigino. Zulia liwekwe juu kwake. Kubandika chochote darini kwako husaidia kidogo sana, kwa kuwa kishindo kimeshaingia kwenye zege.

*Mbwa.* Hubweka wakati mwenye mbwa hayupo, kwa hiyo mwenye mbwa atakukatalia kwa uaminifu kabisa. Mpe saa halisi kutoka daftarini. Matembezi kabla hajaondoka, kumhamishia chumba cha mbali na mlango wa korido, na pazia linaloficha dirisha la mtaani hupunguza sana.

*Milango inayobamizwa.* Vipande vidogo vya mpira kwenye fremu. Kazi ya dakika mbili.

*Drili na ukarabati.* Usiombe iachwe, omba ratiba. Saa ngapi hadi saa ngapi, siku ngapi.

Hatua ya 6: Mwandikie jirani

Mpe wiki moja au mbili baada ya mazungumzo. Kama hakuna mabadiliko, andika barua fupi yenye jina lako na namba ya fleti. Barua isiyo na jina humfanya ashuku jengo zima, na haina uzito baadaye.

"Ndugu jirani, tulizungumza tarehe 9 kuhusu muziki baada ya saa 4 usiku. Nashukuru ulinisikiliza. Tangu siku hiyo umeendelea usiku wa tarehe 12, 13 na 19, hadi baada ya saa 6 usiku. Naomba besi ipunguzwe kuanzia saa 4 usiku. Niko tayari tujaribu pamoja siku yoyote jioni. Wako, (jina lako), wa namba 12."

Piga picha nakala kabla hujaipeleka.

Hatua ya 7: Mwenye nyumba au msimamizi

Hapa daftari linalipa. Peleka kwa maandishi: ukurasa mmoja wa maelezo, kifungu cha mkataba kinachohusika, orodha ya tarehe na saa, nakala ya barua uliyomwandikia jirani, na ombi lako. Omba jambo mahsusi: onyo la maandishi, ukaguzi wa mashine, au kikao cha pande zote mbili. Taja tarehe unayotarajia jibu, mfano siku 14.

Waulize majirani wengine kama nao wanasikia. Malalamiko ya fleti tatu, kila mtu na barua yake, yana nguvu kuliko barua moja yenye saini kumi za watu waliosaini kwa kukuonea huruma.

Usizuie kodi ya nyumba ili kumshinikiza mwenye nyumba. Ukifanya hivyo, mvunja mkataba umekuwa wewe, na kesi yako ya kelele inakufa hapo.

Hatua ya 8: Mpatanishi, kisha mamlaka

Kamati ya wakazi, kiongozi wa mtaa au mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote anaweza kukaa nanyi. Makubaliano yaandikwe: saa, chumba, kifaa, na siku ya kukutana tena. Hilo likishindikana, peleka faili lote kwenye serikali ya mtaa au mamlaka inayoshughulikia kelele. Polisi waitwe kukiwa na vitisho, vurugu, au sherehe kubwa ya usiku iliyokataa kila ombi. Ukipiga simu, eleza kinachotokea sasa hivi. Historia iache kwa maandishi.

Yanayoharibu kila kitu

Kugonga dari kwa mpini wa ufagio. Kuwasha muziki wako kwa nguvu kulipiza: kuanzia dakika hiyo wenye kelele mko wawili. Kumtaja kwenye kundi la WhatsApp la jengo kabla hujazungumza naye. Aibu ya hadharani haimfanyi mtu awe jirani mwema. Kumrekodi video mlangoni kwake au kupitia dirishani. Kumzimia umeme kwenye kisanduku cha korido, jambo la hatari, hasa kama ndani kuna mgonjwa anayetumia mashine.

Ikikwama

*Anasema "hata sisikii chochote".* Mkaribishe kwako wakati mtu wake mwingine anatembea au anapiga muziki juu. Watu wengi hunyamaza palepale wakisikia kwa masikio yao.

*Alipunguza wiki moja, kisha ikarudi.* Kwa kawaida ni kusahau. Ujumbe mfupi na wa heshima, siku ya pili yake mchana: "Jirani, jana ilipanda tena kuanzia saa 5 usiku. Naomba uangalie ile alama." Ikirudi mara tatu, nenda hatua ya 6.

*Kelele ni za fleti inayopangishwa kwa siku chache.* Wageni watabadilika, usihangaike nao. Zungumza na mwenye fleti. Omba saa za utulivu zibandikwe ndani, na upewe namba ya mtu anayepokea simu usiku.

*Mwenye nyumba hajibu.* Tuma barua ya pili ukiambatisha ya kwanza, kwa njia inayobaki na ushahidi wa kupokelewa. Kisha hatua ya 8.

*Wanaishi kawaida tu, ila kila kitu kinasikika, hata kukohoa.* Basi tatizo ni jengo. Jirani hana la kupunguza. Zungumza na mwenye nyumba kuhusu ukuta wa ziada wa bodi za jasi wenye pamba ya madini ndani, usiogusa ukuta wa zamani. Usianze kuujenga bila idhini yake ya maandishi. Kama hataki, pima gharama ya kuhama. Safari hii, kabla ya kusaini, ikague fleti mpya saa 3 usiku siku ya Ijumaa na usimame kimya chumbani dakika kumi.

*Sasa ni yeye anayenilalamikia mimi.* Msikilize kama ulivyotaka kusikilizwa. Omba saa na aina ya sauti, nenda kwake usikie, kisha anza na miguu ya viti vyako.